Sanda ya Zakhari Labib

Baba Padri, ndugu, jamaa na majirani wa Akhmim, familia imenituma mimi Fauzi, shemeji wa marehemu, niwasomee maisha yake, na nitayasoma yote, hata yale ambayo baadhi yenu mngependa yapite kimya.

Zakhari Labib alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 hapa Akhmim, mtoto wa pili wa mfumaji Labib Bastauros na Bi Marta, akasoma shule ya kanisa hadi mwaka 1976, kisha akaingia kiwandani kufuma vitambaa kama baba yake, na jioni akajifunza ngumi, mpaka mji mzima ukamwita Nyundo. Alifunga ndoa na dada yangu Nadra tarehe 3 Juni 1984, wakajaliwa binti mmoja, Demiana, mwaka uliofuata.

Tarehe 9 Novemba 1986, mjini Asyut, alipigana na Rizki Abdunuri, kijana wa Tahta, akamwangusha raundi ya sita, sisi tukashangilia mpaka sauti zikatukauka, na Rizki hakuinuka tena, akafariki baada ya siku mbili.

Kwa desturi yetu aliyeua huibeba sanda yake mwenyewe mikononi, pekupeku, mpaka mlangoni kwa wafiwa, na wakiipokea amesamehewa. Zakhari aliibeba, sanda ya kitani aliyoifuma kwa mkono wake, lakini Mzee Abdunuri, baba yake Rizki, akamwambia, "Mwanangu, ule ulikuwa mchezo, hatudai damu, rudi na sanda yako." Sisi tukamwambia, "Bwana we, mshukuru Mungu, umepona!" naye akatujibu, "Shemeji, asiyeshtakiwa atasamehewa na nani?"

Hakuvaa glavu tena, wala hakumbeba binti yake, akisema mikono hii si ya kushika mtoto, Demiana akakua akimtazama baba kwa mbali. Kila Novemba alikwenda Tahta na sanda ile, akakaribishwa chai, akarudi na sanda yake, hata baada ya mzee yule kufa na wanawe kushika nyumba.

Alianza kuugua ini mwaka 2018. Tarehe 31 Januari 2019 Demiana aliichukua sanda, akaenda nayo Tahta, akaipita sebule ya wanaume bila kusimama, akaingia jikoni kwa Bi Shafika, mama yake Rizki, ambaye miaka yote hiyo hakuna mwanamume aliyemwuliza lolote. Bibi yule akaikumbatia, akalia, akasema, "Nilikuwa namwona baba yako kupitia dirishani kila mwaka, mwanangu, nikingoja waniulize na mimi." Demiana alirudi mbio, akamkuta baba yake hajitambui, akaushika mkono wake, akamweleza sikioni, daktari akatuambia hasikii, na alfajiri ya tarehe 2 Februari akakata roho.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani waliokesha nasi, na wafumaji wenzake waliosimamisha mitambo leo. Sanda aliyovikwa tumeinunua jana sokoni, kwa sababu ile yake imebaki Tahta.

Zakhari, shemeji yangu, imepokelewa. Pumzika kwa amani.