Nyundo Aliyerudi Ulingoni na Betri Kifuani

Karatasi mlizopewa zinasema kaka yangu aliuawa. Neno hilo waliandika wanawe kwa uchungu. Mimi dada yake naomba mnisikilize mpaka mwisho kabla hamjalirudia.

Marehemu, tuliyemwita Nyundo, alizaliwa tarehe 9 Machi 1964 nyuma ya karakana ya baba, kifungua mimba wa watoto watatu.

Alianza shule mwaka 1971 na alifukuzwa mara mbili. Kwanza alimvunja pua mwanafunzi aliyeninyang'anya viatu. Aliporudi, kaka za mwanafunzi huyo walimngoja getini wakiwa wanne. Walimng'oa meno mawili, lakini wawili wao walibebwa. Mwalimu wa michezo alimshauri baba ampe glavu kabla serikali haijampa pingu.

Tangu 1982 alipasua mawe machimboni mchana, na jioni alipigana ndondi. Alipanda ulingoni mara 41, akashinda 29. Kuna mpinzani ambaye marehemu alimzimisha kwa dakika nzima, kisha akampelekea supu hospitalini wiki mbili. Bwana huyo amekaa pale mbele, sikio moja halisikii, na analia kuliko sisi. Mwaka 1999 marehemu alifungua ukumbi wake wa mazoezi.

Tarehe 14 Desemba 1991 alimwoa muuguzi aliyekuwa amemshona nyusi mara tatu. Wifi yangu husema alikubali ili ashonee nyumbani, apunguze safari.

Mei 2019 alianguka akiruka kamba. Moyo ulikuwa unapiga mara thelathini tu kwa dakika, akawekewa betri ya moyo chini ya mtulinga wa kushoto. Daktari alimruhusu kukimbia, kuogelea, hata kupiga mfuko wa mchanga. Alimkataza jambo moja: kupigwa kifuani. Kukimbia alikimbia, kilomita nane kila asubuhi, akituacha sisi wazima tukihema. Lakini mkaidi ni mkaidi. Alirudi ulingoni kufundisha, akageuza msimamo ili bega la kushoto libaki nyuma, akawaambia wanafunzi ni mbinu mpya. Wifi aliamini anasimama pembeni na filimbi. Wanafunzi hawakujua kama ana betri.

Jumanne, tarehe 4 Juni 2024, alikuwa akimwandaa kwa pambano fundi matairi, mwanafunzi wake wa mwisho. Fundi alipiga kwa adabu, na marehemu hakupenda adabu ulingoni. Alimzaba makofi, akampasua mdomo, akamtukania mama. Kofi la tatu alilirusha kwa mkono wa kushoto, na bega likafunguka. Fundi akapiga kwa nguvu zote, pale pale. Marehemu alipiga goti, akainuka, akamsifu. Alhamisi asubuhi tulimkuta bafuni amekwisha poa. Daktari alisema waya unaotoka kwenye betri kwenda moyoni ulikuwa umekatika.

Ijumaa wanawe walimfuata fundi kazini kwake na kumpiga kwa spana ya magurudumu. Angeweza kuwalaza wote wawili. Hakuinua mkono. Kabla taya halijavunjika aliuliza, "Nani alijua ana betri, asiniambie?"

Nilijua mimi.

Mwaka jana nilimkuta akifunga sponji juu ya kovu. Nilimwambia nitamsema kwa mkewe. Akanishika mkono. "Mdogo wangu, wakijua watanipapasa kama mtoto mchanga. Niache nipigwe kama mtu." Nikamwacha, kwa sababu nilimpenda na kwa sababu nilimwogopa. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilimsaidia kuficha. Wifi, nisamehe. Ukishindwa, nitaelewa.

Marehemu ameacha mjane, wana wawili, wajukuu watatu, sisi wadogo zake wawili, na mwanafunzi mmoja aliyelazwa wodi ya sita, taya limefungwa kwa waya. Huyo mwandikeni kwa kalamu kwenye karatasi zenu, na lile neno lifuteni.

Mola ampumzishe kaka yetu. Tukishamfukia nakwenda wodini kujibu swali la fundi, na wanangu ninyi wawili mliompiga mtanisindikiza.