Fundi Sifael na Neno la Asubuhi

Jumanne, tarehe 30 Juni 1914, Fundi Sifael Sakaya anastaafu kazi katika Misheni ya Mringaringa, baada ya kuitumikia kwa miaka kumi na miwili na miezi mitatu. Hakuna mfanyakazi mwingine hapa aliyefikisha hata kumi. Alikuwapo kabla ya kanisa, kabla ya shule, kabla ya mfereji wa maji, na kama anavyopenda kuwakumbusha wageni, alikuwapo kabla ya choo.

Mzee Sifael ni mtu wa Akheri. Useremala alijifunza Uchagani, akakaa huko miaka minne, akarudi kwao na vitu viwili: sanduku la vifaa kichwani na jina la ubatizo. Alipoanza kazi hapa, karakana ilikuwa nguzo nne zilizoezekwa majani ya migomba, na fundi alikuwa yeye peke yake. Leo karakana ina paa la bati, meza sita za kazi na mafundi kumi na wanane, na wote isipokuwa mmoja wamefundishwa na mikono yake. Huyo mmoja ni mimi ninayeandika, Jamaldini bin Athumani wa Pangani, niliyekuja na ujuzi wangu wa pwani na majivuno yangu ya pwani. Ujuzi aliuacha kama ulivyo. Majivuno aliyapiga randa.

Kazi zake zinaonekana kila mahali mlimani. Mabenchi yote ya kanisa ni yake, na madawati ya shule, na nira za ng'ombe wa misheni. Daraja la Maji ya Chai mto ulilichukua mara mbili, na mara mbili alilijenga upya bila kuusema vibaya mto. Kitanda cha mtoto alichomtengenezea Bibi Mchungaji kimelaza watoto watano, na sasa kinalaza paka.

Lakini watu waliojaa uwanjani leo hawakuja kwa ajili ya mabenchi. Wamekuja kwa ajili ya neno la asubuhi.

Mwaka ule wa kwanza Bwana Mchungaji alimwomba awe anawaambia wafanyakazi neno fupi la Mungu kabla ya kazi.

"Fupi kiasi gani?" Mzee akauliza.

"Lisicheleweshe kazi."

Mzee akapata kipimo chake. Gundi yetu hupikwa kwa vipande vya ngozi, nayo hupashwa moto kila asubuhi. Chungu kikiwekwa motoni, anaanza kusema. Kikianza kutokota, anasema Amina, hata kama sentensi haijaisha. Kwa miaka kumi na miwili tumepata kila siku mafundisho yanayotosha mtu kumaliza kikombe cha uji.

Hayakuwa mafundisho ya mambo makubwa. Yalikuwa ya majirani, ya ulimi, ya uvivu, ya namna ya kuomba na namna ya kukataa. Kuhusu vitu vya kuazima alisema: "Ukimrudishia mtu jembe lake, lioshe. Ule udongo ni wa shamba lako, usimpelekee." Siku hiyo majembe matano yalirudi kwa wenyewe kabla ya jua kuzama, likiwemo moja lililokuwa limekaa ugenini miaka miwili.

Kuhusu ugomvi alisema: "Leo nimebishana na mke wangu, Mama Anyesi. Haki ilikuwa yangu. Nimeondoka nyumbani na haki yangu na tumbo tupu. Nimetembea nayo njia nzima, haishibishi. Bwana Yesu alikuwa na haki kuliko watu wote, na bado aliinama akawaosha wenzake miguu. Jioni nitarudi kuinama." Gundi ikatokota. Amina.

Siku moja, kijana mmoja aliyetoka shule alipoanza kutuhubiria sisi wazee wa karakana, Mzee alisubiri amalize, akasema: "Bwana wetu alifanya useremala miaka mingi kuliko alivyohubiri. Basi na sisi tuchonge kwanza." Hilo lilikuwa neno fupi kuliko yote. Chungu kilikuwa bado baridi.

Kiswahili chake ni cha mlimani, na hakijawahi kuona haya. Husema "msumeno hii" na "kiti hii". Nilipokuwa mgeni nilimsahihisha mbele ya watu. Alinishukuru, kisha akaniuliza, "Lakini umeelewa?" Nikasema nimeelewa. "Mungu naye ameelewa. Haya, lete mbao."

Bwana Mchungaji aliponiagiza niandike wasifu huu, Mzee alinifuata kwenye meza yangu.

"Jamaldini, nasikia unaniandika."

"Ndiyo, Mzee."

"Usiandike kwamba nilikuwa mtu mwema tu. Andika habari ya msumeno. Kama huandiki hiyo, usiandike kitu."

Basi naandika.

Ilikuwa Machi 1908, miezi michache baada ya mimi kufika. Tulikuwa tunatengeneza milango ya kanisa, na ilipaswa kuwa tayari kwa Pasaka. Mbao zilikuwa nene, na msumeno mmoja tu ndio uliozimudu, mrefu, mpya, uliotoka Ujerumani. Jumanne moja asubuhi tukaukosa. Tulipekua hadi kwenye marundo ya takataka za randa, hatukuuona.

Neno la siku hiyo lilikuwa la uaminifu. Mzee alisema vizuri kama kawaida yake. Kisha akanitazama, akasema, "Aliyechukua msumeno hii anajijua. Jana jioni ameonekana nyuma ya karakana, peke yake."

Watu kumi na wanne wakageuka kunitazama.

Ni kweli nilikuwa nyuma ya karakana. Kila jioni nilikwenda pale penye mfereji, nikatia udhu, nikasali magharibi. Hakuna aliyekuwa ameniuliza, na mimi sikuwa nimemwambia mtu, kwa sababu nilikuwa mgeni, na Mwislamu peke yangu katika misheni nzima.

"Fundi, unanisema mimi?"

"Nimesema anajijua."

Nikavua aproni, nikafunga mzigo wangu, nikaondoka kabla ya adhuhuri. Kuondoka kwangu kukawa ushahidi. Bwana Mchungaji akaandika barua ya kupelekwa bomani mjini, na kila mtu alijua kinachomngoja anayekamatwa kwa wizi: viboko ishirini na tano, kisha mnyororo.

Alhamisi asubuhi Lerionka, tarishi wetu, akaondoka na barua ile. Hakuwa amefika mbali alipoteremka kutoka msituni Lesikar, mpasua mbao, na msumeno begani.

"Fundi, meno yote nimeyanoa," akasema kwa furaha. "Ulisema Alhamisi, nimekuletea Alhamisi."

Mzee mwenyewe ndiye aliyeupeleka Jumatatu, akasahau kabisa. Waliokuwapo wanasema alikaa chini kwenye vumbi la mbao. Bariki, fundi wa meza ya kwanza, akamwambia kwa upole, "Mzee, tuseme umeokotwa. Yule ni mtu wa pwani, ameshakwenda zake."

"Amekwenda na jina nililompa mimi," Mzee akajibu. "Jina la mwizi."

Akachukua fimbo yake, na goti lile lile bovu mnalolijua, akamfuata tarishi.

Alimfikia kwenye mto Themi, karibu ya kuingia mjini. Lerionka alikataa kumpa barua, maana barua ilikuwa ya Bwana Mchungaji, na katika hilo hakukosea. Basi wakaenda pamoja hadi bomani. Karani akaisoma, akauliza mwizi huyo yuko wapi.

"Hakuna mwizi," Mzee akasema.

"Barua inasema yupo."

"Barua imeandikwa kwa maneno yangu. Kuna mzee msahaulifu aliyemsingizia mtu."

Karani akamwonya kwamba anayemsingizia mtu anaweza kuadhibiwa yeye.

"Andika," Mzee akasema. "Naitwa Sifael, wa Akheri."

Lerionka alinisimulia haya mwenyewe. Anasema Mzee alisimama uani, juani, mpaka alasiri, akingoja kuitwa jina lake. Mwishowe karani akatoka, akamrudishia barua, akamwambia aende zake asiipotezee serikali wakati. Badala ya kurudi nyumbani, akaanza kuulizia kwa Waswahili wa mjini nilikopita.

Ijumaa alinikuta Kisongo, kwa mtu wa kwetu anayenunua ngozi, nikingoja msafara wa kunirudisha pwani. Nilikuwa nimekaa kando ya zizi. Nilipomwona, nilitazama nyuma yake kuwatafuta askari. Hapakuwa na mtu.

"Jamaldini," akasema, "msumeno imepatikana. Mimi ndiye nilipeleka kwa Lesikar. Nimekusingizia. Nisamehe."

Nikamwambia, "Umenivunjia heshima mbele ya watu kumi na wanne, halafu unakuja kuniomba radhi mbele ya mbuzi wawili."

Aliwatazama wale mbuzi. Akakaa juu ya jiwe, akanyoosha goti.

"Ni kweli," akasema. "Twende basi mbele ya wale kumi na wanne. Ukishasikia, urudi pwani kama unataka. Mzigo wako nitaubeba mimi."

Nilidhani anasema tu. Aliuinua mzigo, akaujitwika, akatangulia njiani akichechemea. Sikuwa na la kufanya ila kumfuata, maana nguo zangu zote zilikuwa kichwani mwake.

Jumamosi asubuhi gundi ikawekwa motoni.

"Jumanne nilisimama hapa nikasema habari ya uaminifu," akaanza, "na nilikuwa nasema uongo. Jamaldini alikuwa nyuma ya karakana, anamwomba Mungu. Mimi nilikuwa ndani, nimesahau kazi ya mikono yangu mwenyewe. Kwa nini nilimdhania yeye, nisimdhanie Bariki au mtu mwingine? Kwa sababu si wa kwetu, na hasali kama sisi. Hiyo ndiyo sababu. Nimetafuta nyingine njia nzima kutoka Kisongo, sikuipata."

Gundi ikatokota. Ikafurika, ikaungua, karakana ikajaa harufu ya ngozi, na hakuna aliyeinuka kukiepua chungu. Mzee alikuwa analia waziwazi, jambo ambalo wazee wa mlimani hawalifanyi mbele ya watu.

"Nisamehe, mwanangu," akasema.

Sikumjibu. Nilivaa aproni, nikachukua randa, nikaanza kazi. Moyoni nilijiambia kwamba Pasaka ikipita tu, naondoka.

Milango ilimalizika siku moja kabla ya Pasaka. Mzee alifunga bawaba za ule wa kushoto, wa kulia akaniachia mimi. Wa kulia haujawahi kulia hata mara moja. Wa kushoto hulia kidogo, na Mzee huwaambia wageni bila kuulizwa ni upi wa nani. Wiki hiyo hiyo nilikuta mawe bapa yamepangwa vizuri kando ya mfereji nyuma ya karakana, ili mtu anayesali pale asisimame kwenye matope ya masika. Hakuna aliyesema ameyapanga nani. Pasaka ikapita, na mimi nikabaki.

Tangu siku ile neno la asubuhi lilibadilika. Zamani Mzee alifundisha vizuri, lakini kidole chake kilikuwa kinatuelekea sisi. Baada ya hapo, kila alipotaka kusema juu ya kosa fulani, alianza na la kwake. Alipofundisha subira, tulisikia alivyomfokea ng'ombe. Alipofundisha kiasi, tulisikia juu ya pombe ya ndizi kwenye harusi ya mpwa wake. Watu wakaacha kutazamana kujua nani anasemwa. Ndipo nilipoanza kuyaandika maneno hayo kwenye daftari, mimi Mwislamu, kwa sababu niliona yananifaa. Yametimia mia nne na kumi na mawili. Bwana Mchungaji ameomba yawe yanasomwa karakanani, moja kila siku. Mzee ameomba tuondoe lile la harusi. Tumekataa.

Anastaafu kwa sababu macho yake hayaoni tena mstari wa penseli. Alilisema mwenyewe, kabla hajaambiwa na mtu, siku alipokata mguu wa meza ukawa mfupi kuliko wenzake. Anarudi Akheri kwenye migomba yake, kahawa yake, na mizinga ya nyuki ambayo amekuwa akiichonga kwa vipande vya mbao za misheni, ruhusa akiiomba baada ya mzinga wa sita. Tunamshukuru Mama Anyesi, aliyetupikia loshoro siku za kazi ngumu, yale mahindi na maziwa ya mgando ambayo mtu wa pwani huanza kwa kuyaogopa na kumaliza kwa kuongeza. Tunamshukuru pia kwa kila asubuhi aliyobishana na mumewe, maana hapo ndipo tulipopata maneno mazuri zaidi.

Mzee Sifael, sasa nasema na wewe. Ile Jumamosi uliniomba neno mbele ya watu, nami nikakunyima. Umekaa miaka sita hujaniuliza tena, umenifundisha, umenilisha, ukaja hadi Pangani kwenye harusi yangu. Nilikuwa nimekusamehe kabla hatujauvuka mto Themi, pale ulipokataa kunirudishia mzigo wangu. Kilichonifunga mdomo ni kiburi, na kila mwaka uliopita ulifanya jambo lizidi kuwa gumu kulitamka. Leo watu waliokusanyika ni wengi kuliko wale kumi na wanne, na Bwana Mchungaji anawasomea haya kwa sauti. Nimekusamehe, baba. Na wewe nisamehe kwa kuchelewa.

Sisi wenzako wote wa Mringaringa tunakuombea miaka mingi ya raha Akheri, goti lisilouma, mizinga iliyojaa, na asubuhi tulivu zisizo na haraka ya kazi. Mungu akuweke, wewe na Mama Anyesi.