Skrubu za Mama Stefania

Siku hiyo mjinga nilikuwa mimi. Ndani ya basi la kutoka Laela nilimwambia Mama Stefania kwamba amevaa viatu kinyume, kumbe nyayo zake ndizo zilizolala chini zikaelekea nje. Yeye alikuwa akimweleza jirani yake wa kiti, Christopha mnunuzi wa mahindi, kwamba kesho huko Sumbawanga daktari atamfunga skrubu mguuni ili mifupa iungane na maumivu yaishe.

"Skrubu? Kwani wewe meza, mama?" Christopha aliguna. "Mguu umeshakakamaa, na huyo daktari anataka kuukakamaza tena! Hapo pana jambo. Alikwambia utaweza kulima matuta?"

"Alisema kwenye matuta nitayumba. Hakunificha."

"Umeona!" Alinong'ona kama vile daktari amejificha chini ya kiti. Nami nikaanza kumwamini, maana ana sauti ya mtu anayepima gunia kwa macho.

Basi likasimama stendi. Mama alishuka ngazi moja moja, meno ameyauma. Christopha akamwinamia mlangoni: "Fikiri tena, mama. Mguu usiogeuka ni mguu gani?"

"Kwani huu unageuka, mwanangu? Haugeuki, na unauma."