Githae Kagwe na Orofa Nane za Jumba la Makutano

Kwenu nyote mliofika hapa Theta kumsindikiza, mimi ni Kinyanjui, na ukoo umenituma nisome maisha ya baba yangu mdogo, Githae Kagwe, aliyezaliwa papa hapa tarehe 14 Machi 1957, si 1959 kama ilivyochapishwa katika programu mliyo nayo.

Alisoma hapa Theta hadi darasa la saba, mwaka wa 1972, akafanya kibarua cha kuchuma kahawa, kisha tarehe 4 Februari 1980 akaajiriwa kuendesha lifti katika Jumba la Makutano, jengo la orofa nane katikati ya mji wa Thika, kazi aliyoifanya hadi jumba lilipofungwa mwaka wa 2016.

Alifunga ndoa na Beth Gathoni tarehe 23 Agosti 1986, wakaishi Makongeni, wakajaliwa binti, Kui, aliyeishi miezi minne, na tangu Beth alipofariki mwaka wa 2011 aliishi peke yake, nasi jamaa zake tuko Kimbo, si mbali, tukimwona Krismasi.

Ukarabati ulipoanza mwaka wa 2021, michoro ya jumba haikupatikana, na mhandisi Maxine, aliye nasi hapa, akamtafuta Baba Mdogo, naye kwa siku kumi na moja akamwonyesha mahali kila bomba na kila waya ulipopita ukutani, akaomba jambo moja tu, kwamba kazi ikiisha apande lifti mpya hadi orofa ya nane.

Jumba lilifunguliwa tarehe 6 Oktoba 2023, Maxine akiwa ameshahamishiwa Kisumu, na wiki iliyofuata Baba Mdogo akaenda, amevaa koti lake la kazi, askari wa mlangoni, Wamalwa, akampa kitabu cha wageni, akaandika jina na namba ya kitambulisho, akaulizwa, "Mzee, unaenda kwa nani?" akafikiri, akasema wote aliowajua humo walishahama, akarudisha kalamu, akashukuru, akaondoka. Haya tumeyasikia juzi kutoka kwa Wamalwa mwenyewe. Sisi hakutuambia, wala hatukumuuliza.

Alipatwa na kiharusi tarehe 9 Mei 2025, jirani yake Tausi akamkuta na kumpeleka hospitalini Thika, akafariki tarehe 17 Mei, saa kumi na moja alfajiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Makongeni, Tausi hasa, mhandisi Maxine, na Wamalwa aliyeomba ruhusa kazini ili aje. Pale langoni tuliweka kitabu, na kila aliyeingia ameandika jina lake na amekuja kwa nani, nimekipitia chote, majina ni mia mbili na kumi na sita, na wote wamekuja kwa Githae. Pumzika kwa amani, Baba Mdogo.