Munirah Sebit, Mwosha Maiti wa Pande Zote

Waombolezaji, mliokaa upande huu wa turubai na mliokaa upande ule, poleni sana, na kwa kuwa hakuna sheikh wala padri aliyekubali kutufungulia kwa dua, familia inaomba mtusikilize hivyo hivyo.

Marehemu Munirah Sebit alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 huko Bombo, katika jamii yetu ya Wanubi, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu mzee Sebit, dereva wa lori, na marehemu mama Maimunah, aliyekuwa akiosha maiti za wanawake na ndiye aliyemfundisha kazi hiyo. Alisoma shule ya msingi na madrasa hapo Bombo, kisha kuanzia mwaka 1986 hadi 1989 akasoma sekondari kwa masista, Lubaga, ambako alijifunza nyimbo za Bikira Maria, akazipenda, wala hakuona sababu ya kuzificha aliporudi nyumbani.

Mwaka 1990 alifungua kibanda cha cherehani katika soko la Bukoto, akashona hapo mpaka nguvu zilipomwisha, na muda wote huo alikuwa akiitwa kuosha wanawake waliofariki, kwanza Waislamu, halafu, vita vya Kongo vilipoleta wakimbizi, akawaosha na Wakristo waliofia vyumba vya kupanga bila ndugu, kila mmoja akimwombea dua za kwao, na asizozijua aliuliza.

Tarehe 4 Septemba 1998 alifunga ndoa ya serikali na Bwana Emile, Mkatoliki, muuza vitenge kutoka Bukavu, wakaishi Kabalagala na kujaliwa mabinti wawili, Halimah na Princesse. Baba yetu, mzee Sebit, alikataa kupokea mahari, kanisa nalo likataka kwanza abatizwe, yeye akaendelea kufunga Ramadhani na Jumapili kukaa benchi la nyuma kanisani, akisema kwamba dini hizi zimemlea kama mama na mama mkubwa, na mtoto mwenye adabu hamkani mmoja ili ampendeze mwingine. Pande zote mbili zilimwambia kwamba mshika mbili moja humponyoka, na hilo ndilo jambo pekee tulilowahi kuwasikia wakikubaliana.

Mnamo Januari 2023 aligundulika kuwa na saratani ya titi, na alipolemewa, wageni walianza kufika kitandani kumtaka achague. Wa msikitini walimwambia atoe shahada, akaitoa kwa furaha, wa kanisani wakamwambia afanye ishara ya msalaba, akaifanya, wote wakaondoka wamenuna. Yeye aliomba jambo moja tu, aoshwe vizuri na aombewe, kama alivyowafanyia wengine.

Alifariki Jumatano, tarehe 12 Februari 2025, saa tatu asubuhi. Tulibisha hodi kwa wanawake ambao mama zao aliwaosha kwa mikono yake, wa huku wakasema huyo ni wa kule, wa kule wakasema huyo ni wa huku. Wahenga walisema mwosha huoshwa, lakini wahenga hawakuishi mtaani kwetu. Halimah na Princesse, ambao hawakuwahi kufundishwa, walimwosha mama yao wenyewe, wakilia na kubishana waanze upande gani, na uchungu huo familia haitausahau.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wenzake wa soko la Bukoto walioleta sanda na jeneza bila kuuliza maswali, na jirani yetu Mama Oyugi, aliyechota maji. Tunawashukuru hata ninyi mliokuja kuangalia tutamzika vipi, kwani kuzika kwa macho hakuchafui nguo.

Sasa Halimah atasoma Fatiha, na Princesse atasali Salamu Maria. Anayeweza kuitikia Amina kwa zote mbili asogee tubebe jeneza, na asiyeweza abaki alipokaa, mabega ya kutosha tunayo.

Pumzika kwa amani, Munirah, ile amani tuliyokunyima sisi watu wako.