Dada Yetu na Miwani Iliyofungiwa Kabatini

Ndugu waombolezaji, nasimama kwa niaba ya familia, na mnisamehe sauti ikipanda, maana sisi wadogo zake tumemeza mengi.

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1968, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, mtoto wa tatu kati ya sita, akamaliza shule ya msingi mwaka 1981, sekondari 1985, akahitimu ukunga 1989, na mwaka wake wa kwanza kazini mama mmoja alimfia mikononi kwa kuvuja damu, hali ambayo yeye alikuwa ameisoma vitabuni tu.

Tarehe 12 Desemba 1992 aliolewa na shemeji yetu, fundi umeme, wakajaliwa binti mwaka 1994 na kijana 1998. Mwaka 2003 alihamia chuo cha wakunga kufundisha, ambako wanafunzi walimbatiza jina la Rudia Tena, kwa sababu hakuna aliyewahi kumridhisha mara ya kwanza, hata shemeji kwa kupika chai.

Mwaka 2019, baada ya barua zake kumi na moja, chuo kilipata miwani kumi na mbili za uhalisia pepe, ambazo mwanafunzi akizivaa anamwona mama anavuja damu mbele yake, anakosea, anarudia, na hakuna anayekufa. Mkuu wa chuo akazifungia kabatini eti zisiharibike, zikawa zinatolewa wageni wakija na kamera, huku wanafunzi wakiendelea kukosea kwenye miili ya dada zetu. Miaka mitatu aliambiwa avute subira. Tarehe 6 Juni 2022 akaazima nyundo, akavunja kufuli, akafundisha wanafunzi thelathini na mmoja kwa siku tisa, na siku ya kumi akapewa barua ya kusimamishwa kazi kwa uharibifu wa mali.

Agosti mwaka huohuo mmoja wao alimpigia simu akilia, "Mwalimu, damu ilifoka, mikono ikajua yenyewe, mama yuko hai," naye akamjibu, "Umelia vya kutosha, sasa kanawe," kisha akajifungia chumbani, tukamsikia naye analia.

Januari 2024 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akafariki tarehe 2 Septemba, saa nne na dakika kumi asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba tano, majirani waliotupikia na kutufulia, na wakufunzi wenzake waliokuja kumwona kwa kujificha kama wezi. Mkuu wa chuo, umeketi kiti cha mbele, na shada lako limeandikwa "mkufunzi wetu mpendwa". Wewe hatukushukuru, na shada ondoka nalo, kwa sababu dada yetu tunamzika akiwa bado amesimamishwa kazi, na aliyetia saini ni wewe.

Dada, hasira tuachie sisi, wewe pumzika kwa amani.