Vitalu vya Mama Modesta Vilivyoachwa Mlimani

Tarehe 11 Juni 1974, kamati ya kijiji iliezua paa la nyumba ya Mama Modesta Anselmi kule Mgeta, asipate tena sababu ya kukataa kuhamia kijiji kipya cha Lusungi, bondeni kando ya barabara. Hakuukataa Ujamaa. Aliomba miezi mitatu tu, kabichi zake zifunge. Alinyimwa, akahamishwa.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1921 katika shamba hilohilo, ambalo katika ukoo wake mama humwachia binti. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne. Mwaka 1941 alifunga ndoa na Anselmi, aliyehamia kwenye ardhi ya mkewe kama ilivyo desturi. Walijaliwa binti mmoja, Eva. Anselmi alifariki mwaka 1968.

Kazi ya maisha yake ilikuwa bustani ya kipupwe. Jioni aliifunika miche kwa majani ya mgomba, isiumizwe na baridi. Asubuhi, ukungu ukiinuka, aliifunua ipate jua. Kazi hiyo haifanywi na mtu akaaye bondeni. Basi alirudi mlimani akaishi jikoni, chumba pekee kilichobaki na paa. Majirani wote walikuwa wamehamishwa. Alisema jogoo pekee aliyebaki kuwika mlima mzima ni wake, naye ameanza kuwika kwa aibu.

Kamati ilijua, ikanyamaza. Kabichi ilizoamuru zipandwe kwenye joto la Lusungi zilitoa majani, hazikufunga. Wageni walipokuja kutoka Morogoro mjini, Mwenyekiti Agustino aliagiza za Mama, kisha mezani akajifanya hajui:

“Tamu hii, Mama Eva. Umeitoa wapi?”

“Kwenye bustani ambayo haipo, Mwenyekiti. Ongeza mchuzi.”

Julai mwaka huu alishikwa na homa ya mapafu. Hapakuwa na jirani wa kumsikia akikohoa. Eva alimkuta tarehe 29, akamteremsha kwa machela hadi hospitalini Morogoro, alikofariki tarehe 2 Agosti 1976. Neno lake la mwisho lilikuwa swali: “Nani amefunua?”

Hakuna aliyefunua. Kamati imemkatalia Eva kuipanda miche hiyo, eti shamba ni la kijiji.

Ameacha binti huyo, mwalimu huko Kilakala, wajukuu watatu, na vitalu viwili vya miche yenye majani manne.

Mwenyekiti Agustino, nanyi wajumbe mlioketi hapa: leo miche ile ina siku ya sita gizani. Tunawadai mumruhusu Eva apande leo hii, akitoka mazikoni, na mumrudishie shamba la mama yake. Semeni neno hilo mbele ya jeneza hili, ili nasi tuweze kumwombea apumzike kwa amani.